Bodi ya Ndege Niliyoitengeneza Bila Ruhusa

Ndugu zangu, mmenisumbua tangu mwaka jana nitoe ushuhuda huu. Bon, leo nautoa. Mchungaji, usiangalie saa, Mungu aliyenitoa kule anastahili dakika zangu kumi.

Wengi mnajua kwamba kule Uvira nilikuwa fundi wa redio, miaka ishirini na mbili. Hata kwenye kambi ya wakimbizi niliendelea, nalehemu kwa msumari uliopashwa moto kwenye makaa. Donc tulipofika hapa Marekani, hapa Columbus, nikapata kazi kwenye karakana ndogo ya vipuri vya umeme vya ndege za vita, zile zinazotua juu ya meli baharini. Nikasema, kumbe Mungu hajanisahau.

Sasa sheria zao. Bodi, kile kibao chenye viungo vya umeme, ikiwa na kasoro inafungwa karatasi nyekundu, haiguswi tena na mtu. Nawaambia, nilikuwa naona bodi inatupwa kwa ajili ya kiungo kimoja tu cha lehemu kilichoachia, moyo unaniuma. Siku moja wenzangu walipokwenda kula, nikachukua moja, nikailehemu upya, nikaipima, ikawaka. Nikang'oa karatasi, nikaiweka kwenye rafu ya bodi nzima.

Mkaguzi wetu, mama mmoja mzungu, alisoma namba ya bodi ile, akaiona kwenye orodha ya mbovu, akaikamata kabla haijatoka. Nikasimamishwa wiki mbili. Wiki mbili zikaisha, sikurudi. Mimi niombe msamaha kwa kutengeneza kitu? Nikakaa nyumbani, mtaa wa Linden, miezi minne, nagombana na kila mtu, hata na televisheni. Mke wangu alikuwa anahudumia wazee zamu mbili, anarudi miguu imevimba, ananikuta kwenye kiti na kiburi changu. Mnacheka, lakini yeye hakuwa anacheka.

Halafu yule mkaguzi akapiga simu: njoo uone bodi yako. Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, nenda. Kama una haki wakuambie, na sisi tupumzike na hizi kelele."

Nikaenda na koti la Jumapili, nikijua naenda kuombwa radhi. Yule mama akaifunga bodi yangu kwenye mashine ya kutikisa. Akanieleza kwamba ndege ikitua melini inakamatwa na kamba ya chuma, inapigwa kishindo kikubwa, na rubani yuko ndani. Akawasha. Hazikupita dakika tatu, kiungo changu kikapasuka, taa ikazima.

Nilikaa chini nikalia. Miaka ishirini na mbili, hakuna mtu aliyewahi kuitikisa kazi yangu. Ningemuua mtoto wa mtu huku najisifu.

Walinirudisha, lakini darasani, nijifunze kulehemu tangu mwanzo pamoja na vijana wa umri wa wanangu. Mtihani nilianguka mara mbili. Mara ya tatu nikapita.

Namshukuru mke wangu, aliyetulisha bila kunisimanga, isipokuwa siku mbili tatu, na nilistahili. Namshukuru yule mama mkaguzi. Angeweza kunifukuza tu, akachagua kunionyesha. Nanyi mlioleta unga na maharagwe bila kuniuliza kitu, Mungu awakumbuke.

Ukiambiwa kazi yako haitoshi, usikimbilie kununa. Omba uonyeshwe inapopasukia. Kiburi Mungu amenitoa. Hasira bado ninayo, muulizeni mke wangu, yule aliyekaa pale anatikisa kichwa. Hiyo mniombee.