Kabichi za Nyuma ya Kiwanda

Basi lilipopita kando ya kile kiwanda cha zamani cha kufuma vitambaa vya asbesto, pale jijini Busan, Mzee Gil aliivuta barakoa yake hadi chini ya macho. Mama mmoja asiyemjua, aliyeketi ubavuni pake, alichungulia dirishani akiwalaani wachimbaji waliojifunika nguo nyeupe mwili mzima.

"Wanazoa udongo wote, na kabichi zangu zimo! Wiki ijayo achari yangu ya kimchi nitaitengenezea nini, kokoto?"

"Udongo ule umejaa vumbi la asbesto, unaua mapafu, mama. Waache wazoe."

"Nimekula kabichi za pale miaka yote, mbona ni mzima? Wewe uliyejifunga uso unakwenda wapi?"

"Hospitali. Nafuata majibu ya picha ya kifua."

"Pole, mzee. Ulifanya kazi humo kiwandani?"

Angesema ndiyo, angalau angepata heshima kidogo. "Hata siku moja. Ujanani tulichomea nyama ya nguruwe juu ya vipande vya paa la asbesto, lenye mikunjo kama bati. Mafuta yalitiririka vizuri kwenye vile vijifereji. Na mchaguaji wa vipande nilikuwa mimi, nikisifiwa kabisa."

Mama alicheka hadi akashika kiti cha mbele. "Halafu unanifundisha mimi kabichi!"

"Nani mwingine akufundishe? Wenye akili hawayajui haya."

"Haya, sema kweli. Nyama ilikuwa tamu?"

Basi likasimama mbele ya hospitali, mlango ukafunguka.

"Tamu mno," alisema Mzee Gil, na bado hakuinuka.