Zamu ya Jumapili Zizini kwa Marlys

Mheshimiwa Bi. LaVonne Pruess, Mwenyekiti wa Kijiji chetu cha Alder Mills; Mchungaji Thorsgaard; Kocha Gordy Wenzlaff; wachezaji wenzangu wa besiboli; ndugu wageni waalikwa mliopita kwenye theluji yote ile kuja kula samaki wa kukaanga na kuniaga: habari za jioni.

Mmenizawadia kiti cha kuegemea. Ni kizuri, na ujumbe wake nimeuelewa. Mtu aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji kwa miaka kumi na tisa, akiidakia timu hii mipira, anaambiwa kwa upole kwamba magoti yake sasa yanasikika mpaka jukwaani.

Lakini je, mnaikumbuka fainali ya Agosti? Mpira uliponivunja kidole, Kocha aligeukia benchi akauliza, "Nani mwingine anadaka?" Kila mtu akaangalia viatu vyake. Akaingizwa Curtis, hodari wa kupiga, akadaka mipira miwili na mingine yote akaisindikiza kwa macho. Ubingwa ukaenda hivyohivyo, tukiuona. Iliniuma sana, na sisemi kidole.

Ndiyo maana majira haya ya baridi Kocha hakutulia. Alipiga simu mpaka mjini Milwaukee akitafuta mdakaji. Siku moja Marlys Oestreich, mwenye ng'ombe wengi kuliko wapiga kura wa kijiji hiki, akamkatisha dukani: "Gordy, unahangaika bure. Mkamuaji wangu Eliécer amedaka huko kwao Nicaragua tangu hajaota ndevu. Umewahi kumuuliza?"

Hatukuwahi. Miaka yote hii anakamua maziwa tunayokunywa, nasi tunampungia mkono barabarani tukidhani ujirani umetosha. Nikaenda ghalani kwa Marlys na glovu zangu mbili za kudakia, nikamrushia mpira kwa nguvu zote. Akadaka huku anapiga gumzo. Zamu yangu ya kuchuchumaa ilipofika, akacheka: "Mzee Merle, mikono bado ipo. Ila hayo magoti, yaombee!"

Niliondoka pale na wivu, siwafichi. Nilipofika nyumbani ulikuwa umekwisha, imebaki furaha tupu.

Lakini Eliécer ana kazi, na timu haijazwi kwa majina matupu. Wenzangu, mmefanya jambo ambalo sijawahi kuliona: mmejifunza kukamua ili mpokezane zamu zake za jioni, naye apate kuja mazoezini. Curtis, simama wakuone! Huyu ndiye aliyefungua lango silo, nusu ya zizi ikaenda kutembea kwenye theluji. Marlys akamwambia, "Kumbe wewe huzuii mpira wala ng'ombe!"

Limebaki jambo moja, na Marlys amelisema hapahapa mezani, uma mkononi: "Msimu ukifika, kila Jumapili mechi inaanza saa nane, ng'ombe wangu wanakamuliwa saa tisa. Nyinyi nyote mtakuwa uwanjani. Nani atashika zamu? Nisipopata mtu leo, Eliécer habanduki zizini." Nikamwona Eliécer ameinamia sahani yake, hali tena. Nikawaona na ninyi, mnaangalia viatu. Vilevile vya Agosti.

Marlys, mtu umempata. Ni mimi. Jumapili zote za msimu, mvua inyeshe, jua liwake. Nimekulia kwenye ng'ombe, na kwako mtu anakamua kwa mashine akiwa amesimama, kwa hiyo magoti hayana kisingizio. Na ile jezi yangu mliyotaka kuitundika ukutani, mvalisheni Eliécer. Ukuta haudaki.

Kocha, nakushukuru kwa miaka yote. Mke wangu Janelle, kiti ni chako, nitakiazima Jumatatu. Ndugu zangu, asanteni kwa kunisikiliza mpaka samaki wakapoa.

Na wewe, Eliécer: kutoka zizini mpaka uwanjani ni shamba moja tu la mahindi. Nitauacha mlango wazi. Ukidaka ule mpira wa mwisho, nitasikia.