Janice Mbula na Vipande vya Kioo Ukutani

Wasikilizaji wapendwa, kama unapika, punguza moto kidogo. Kama uko na watu, waambie wanyamaze. Mimi ni Simeon Gachie, na leo tunamkumbuka Janice Mbula. Janice Mbula wa Makongeni, hapa Thika. Kanisani kwao walimwita Mama Projekta. Alituacha mwezi uliopita akiwa na miaka hamsini na miwili. Nawaambia mapema, nimeisimulia hadithi hii mara kadhaa na bado sijaizoea.

Janice alizaliwa Ngoliba, kwenye boma la wakulima wa mahindi na mbaazi. Alikuja mjini kupiga watu picha za pasipoti. Baadaye kanisa lilinunua projekta, na kwa sababu yeye ndiye aliyejua mambo ya picha, akapewa. Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Alikuwa mkali! Mzee mmoja alipolalamika kwamba haoni maneno ya wimbo, kijana mmoja akacheka eti mzee anunue miwani. Janice akamgeukia. "Miwani ya nini? Herufi ni ndogo. Kosa ni letu."

Mume wake, Mzee Urbanus, alituambia hivi: "Tukienda harusi, huyu mama hakuli. Anaangalia skrini imepinda. Chakula kinapoa, yeye anaangalia skrini."

Sasa tuje Ruiru. Nisikilize vizuri hapa.

Ruiru kulikuwa na nyumba ya ghorofa tano, rangi ya kijani. Nzioki, kaka mdogo wa Janice, alikaa orofa ya tatu na mkewe Mumbi na watoto wao. Mapema mwaka huu mlango wa choo chao ulianza kukwama. Kisha nyufa zikatokea ukutani. Janice alipowatembelea akaziona, akamwita Auma. Auma ni injinia, msichana wa kanisani kwao. Auma alizikagua nguzo za chini moja moja. Walipofika barabarani akasema: "Mama, hawa watu wahame. Wote."

Auma alipeleka taarifa kwa wanaohusika. Akaambiwa asubiri. Nyinyi mnajua kusubiri kwetu kulivyo. Basi wakaamua wawaambie wapangaji wenyewe.

Wasikilizaji wapendwa, mkutano wa kwanza ulikuwa aibu tupu. Wapangaji walikaa kwenye hema la kanisa ng'ambo ya barabara. Janice akawasha projekta. Slaidi baada ya slaidi! Michoro, mishale, Kiingereza cha mainjinia kimejaa kutoka juu hadi chini. Na yeye, Mama Projekta mwenyewe, aliyewagombeza wengine miaka yote, akawapa watu mgongo na kuanza kusoma. Uoga ulimshika. Watu wakapiga miayo. Wengine wakatoa simu.

Kisha akasimama Bwana Chege, ajenti wa mwenye nyumba. Hakuwa na slaidi hata moja. Akapapasa tumbo lake, akasema: "Nyumba ni kama mimi. Ikikaa mahali pazuri inanenepa, ngozi inaachana kidogo. Tutapiga plasta." Hema zima likacheka. Nzioki naye alicheka. Watu wakarudi kulala mle ndani.

Mzee Urbanus ndiye aliyemrudisha nyumbani. "Nilimwambia, mke wangu, leo umeongea na ukuta, watu walikuwa nyuma yako. Tukapita Juja. Hapo akasema, ni kweli, nimewapoteza."

Aliwapoteza kweli. Na kila siku ile nyumba ilikuwa na watoto ndani. Fikiria wewe ungekuwa Janice. Ungepata usingizi?

Auma ndiye aliyeleta wazo la vioo. Chukua kipande chembamba cha kioo, kibandike juu ya ufa kwa plasta. Ukuta ukiwa umetulia, kioo kitakaa. Ukuta ukiwa unatembea, kioo kitavunjika. Janice akawaomba akina mama wa ile nyumba, mmoja mmoja, wamruhusu abandike. Nzioki alikataa katakata. "Usinibandikie mikosi kwa nyumba yangu!" Mumbi akangoja mumewe aende kazini, akamfungulia wifi yake mlango.

Kila asubuhi Janice alitoka Makongeni hadi Ruiru kupiga picha. Mahali palepale, umbali uleule. Kioo cha kwanza kikapasuka. Halafu cha pili. Halafu kile cha nyumbani kwa Nzioki.

Mkutano wa pili ulikuwa Jumamosi alasiri. Jua lilikuwa kali, likapenya hemani, picha hazionekani. Wakaning'iniza mablanketi. Ndiyo kwanza picha imetulia, stima ikapotea. Zii! Giza chini ya mablanketi, watu wanaguna, na Chege kule nyuma: "Hata stima imekataa uongo!"

Wakaanza kuinuka. Hapo, wasikilizaji, ndipo ningekata tamaa mimi. Janice aliifunga laptopu. Akang'oa blanketi, mwanga ukaingia. Akageuka akawatazama watu usoni. "Toeni simu. Mumbi aliniingiza kwa grupu ya wapangaji wa ploti, nimetuma picha huko. Fungueni ya kwanza."

Wakafungua. Ukuta, ufa, kioo kizima.

"Hapa ni kwa nani?"

Mwanamke mmoja akainua mkono. Ni Mama Shiko wa orofa ya pili. "Ni kwangu. Hapo ni nyuma ya kitanda cha watoto."

"Hiyo ni ya Jumatatu. Fungueni inayofuata. Ni ya leo asubuhi."

Ukuta uleule, ufa uleule. Kioo kimekatika vipande viwili, na kati yake kidole kingeweza kuingia.

Janice hakuongeza maelezo. Akauliza tu, polepole: "Mama Shiko, watoto wako wapi saa hii?"

"Wamelala," akasema. Halafu akasikia alichosema. "Woi! Wamelala huko!"

Alitoka mbio, ndala moja ikabaki hemani. Wakatoka wote nyuma yake. Chege alikuwa anapaza sauti kuhusu plasta, lakini alikuwa anawaambia viti. Kabla ya giza ile nyumba ilikuwa tupu. Magodoro, masufuria, runinga, vyote barabarani.

Ungefikiri hapo tumemaliza. La.

Nyumba ilisimama. Wiki ikapita, ikasimama. Wiki nyingine, bado imesimama! Chege akapiga plasta, akapaka rangi mpya, ikang'aa. Watu walikuwa wamebanana kwa jamaa zao. Nzioki na familia yake walikuwa wamejaa kwenye chumba kimoja kwa wakwe zake huko Kamenu, mwanamume mzima analala sakafuni na mashemeji. Kwenye grupu wakaanza kumtusi Janice. Injinia wa projekta. Mama wa uongo. Alisoma yote. Hakutoka kwenye grupu, kwa sababu alitaka kujua ni nani anapanga kurudi.

Familia tatu zikapanga kurudi. Jumamosi, saa za asubuhi. Nzioki alikuwa mmoja wao, ameshaongea na mwenye pikapu. Janice alimpigia akamsihi. Nzioki mwenyewe alituambia alichomjibu, na alipokuwa akituambia hakuweza kututazama: "Nilimwambia, dada, umetuaibisha vya kutosha. Nyumba imesimama. Achana na mimi. Nikakata simu."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne asubuhi Janice Mbula alianguka kanisani akifunga kamba ya skrini. Ni moyo. Hawakufika naye hospitali.

Mazishi yakapangwa Jumamosi, Ngoliba. Jumamosi ileile. Ile pikapu ya kurudisha vitanda Ruiru ikabeba viti na sufuria za matanga. Zile familia nyingine mbili pia zilikuja. Mama Shiko aliniambia watu hao walikuwa bado wamemkasirikia, lakini matanga ni matanga.

Saa za chakula cha mchana, wakiwa wanarudishia udongo kaburini, simu ya Nzioki ikalia. Alikuwa Gachau, mlinzi wa ile ploti. Alikuwa amevuka barabara kununua sigara. Chege alikuwa hapo kioski naye, funguo mkononi, akingoja wapangaji wake.

Gachau alisema: "Nzioki, mko wapi? Niambie hakuna mtu ameingia. Nyumba imeenda yote."

Nyumba ilianguka, wasikilizaji wapendwa. Ghorofa tano. Hakufa mtu. Hakuumia mtu. Wote waliotaka kurudi walikuwa Ngoliba, wanamzika Janice.

Nilimuuliza Nzioki alifanya nini. Akaniambia: "Niliweka koleo chini. Nikafungua simu, nikatafuta jina la dadangu nimpigie. Nimwambie ulisema kweli. Nilikuwa nimeshabonyeza, Simeon. Simu yake ikalia mfukoni mwa Urbanus, hapo kando ya kaburi."

Mzee Urbanus, pole sana. Nzioki, Mumbi, na jamaa wote wa Ngoliba, poleni. Injinia Auma, pole, na asante. Mungu amlaze Janice Mbula pema.

Na wewe unayenisikiza. Kuna mtu amekuambia jambo la kweli ukamcheka. Unamjua. Kama bado yuko hai, sitaweka wimbo sasa hivi. Nitanyamaza kidogo, umpigie.