Kadi za Panya Arobaini

Sogeeni, wanangu, na wewe kitinda mimba futa machozi, hayajapata kumwongezea mtu pumzi. Nyumba ni ya mama yenu. Baiskeli gombaneni. Ninachowarithisha hasa ni daftari lililo chini ya godoro hili.

Darasa la tano lilinishinda, lakini miaka ishirini na miwili nimewalea panya wa daktari wetu, yule mama anayetafuta dawa ya kuunga uti wa mgongo uliokatika, na jengo zima halikuwa na msomi aliyewajua kwa sura kama mimi. Safari hii walikuwa arobaini, wote wakiburuta miguu ya nyuma. Ishirini walidungwa dawa, ishirini maji matupu, mimi nikiwashika. Kila mmoja nilimwandika daftarini kwa pengo la alama alilokatwa sikioni, pamoja na alichodungwa.

Siku ya kuosha vizimba, kadi zao, zile za kuonyesha nani kadungwa nini, zikaniporomoka zote sakafuni, na viatu vya daktari hivyo vinakuja! Nikazibandika chapuchapu, popote. Mimi, niliyejigamba kila asubuhi kwamba sijakosea tangu niajiriwe! Nikameza ulimi. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua.

Jana daktari kaja kuniaga. "Mzee, dawa imeshindwa. Wa dawa na wa maji, wote mamoja. Kesho tunafunga kazi." Alipotoka nikalifungua daftari, maana kabla sijaugua nilitia alama kila aliyeanza kukanyaga. Wanangu! Wanaokanyaga ni kumi na saba, na wote kumi na saba ni wa dawa! Wa maji hajainua kidole hata mmoja! Dawa inaponya! Kuna watu vitandani wanaitazama miguu yao kama ya jirani, na jibu lao nimelilalia mimi!

"Baba, pumzika kwanza."

Nitapumzika sana, huko niendako hakuna zamu. Kifungua mimba, binti yangu, chukua daftari umpelekee daktari, usingoje nizikwe. Mwambie atazame masikio, kadi azitupe. Na umwambie… mama yenu, ziba masikio… mwambie nilikosea. Hivyo hivyo, usilipambe.

Radhi yangu mnayo, nyote. Mungu awape miguu isiyochoka… na ndimi… fupi kuliko wangu. Mbona bado umesimama? Kimbia, mama!

Nyamazeni… namsikia… anaruka ngazi mbili mbili… ehee… mbili mbili…