Daktari Aune na Damu ya Mama

Wasikilizaji wapendwa, hapa mjini Oulu tumepata msiba. Daktari Aune Pihlajamaa ametutoka. Alikuwa daktari wa watoto wachanga, wale wanaozaliwa wagonjwa.

Aune alikuwa mkali, tusimpambe kwa sababu amefariki. Mumewe, Mzee Tapio, aliniambia jana huku akinimiminia kahawa: "Wajukuu wakija hapa, sisi wengine tunauliza wamekula? Yeye anauliza wamekojoa?" Akacheka. Halafu akaanza kufuta meza ambayo ilikuwa safi.

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Figo za mtoto mchanga mgonjwa huumia kimyakimya. Na hata mkojo haukumtosha Aune. Nepi inaweza kulowa vizuri huku figo zinaharibika. Narudia: nepi imelowa, na figo zinaharibika.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mtoto mmoja, Vilja, miaka mingi iliyopita. Alizaliwa wakati wa baridi kali, akiwa amekosa hewa tumboni. Alikuwa anapewa dawa ya kuua vijidudu, na dawa hiyo ni nzito kwa figo. Wakampima damu. Ile taka ambayo figo hutakiwa kuichuja ilikuwa juu.

Wodini hakuna aliyeshtuka. Mtoto anapozaliwa huwa bado amebeba taka ya damu ya mama yake, kwa hiyo walikuwa na neno lao la mkato: "Ya mama hiyo." Mara nyingi ni kweli. Wakampima tena kesho yake, ikawa imepanda. Wakasema tena, ya mama hiyo.

Aune akainuka, akaenda kwa mama mwenyewe, Kaisu, aliyekuwa amelazwa ghorofa ya chini. Akamwomba mkono ili amtoe damu. Kaisu anakumbuka vizuri: "Nikamuuliza, daktari, mgonjwa ni mwanangu, mimi unanitoboa ya nini? Akaniambia, 'Mama, wewe unasingiziwa. Nataka nijue kama ni kweli.'"

Majibu yakaja. Taka kwenye damu ya Kaisu ilikuwa chini kabisa, ya mtoto ilikuwa juu mno. Aune akaweka majibu yote mawili mbele ya wenzake.

"Ya mama ni hii," akasema. "Hiyo nyingine ni ya nani?"

Dawa ikabadilishwa siku hiyohiyo. Maji ya dripu yakapangwa upya. Figo za Vilja zikarudi taratibu, zikapona. Wangeendelea kungoja, huenda zisingerudi, na Kaisu mpaka leo hapendi kulifikiria hilo. Na wodini likawa jambo la kawaida: mtoto mgonjwa anapimwa na kupimwa tena, na namba ya taka isiyoshuka haisamehewi.

Mzee Tapio, watoto na wajukuu, poleni sana. Tunaumia pamoja nanyi.

Asubuhi ya leo Vilja alinipigia simu. Ni mama sasa, amejifungua mtoto wa kiume, mzima wa afya. "Nilitaka daktari amshike," aliniambia. "Kila wiki nilisema nitaenda wiki ijayo."

Wasikilizaji wapendwa, tumfikirie leo mtu aliyetupigania tukiwa hatujui hata kusema. Kama yu hai, tusingoje.

Daktari Aune ataagwa kanisani na kuzikwa Jumamosi. Mtoto wa Vilja atabatizwa Jumapili, katika kanisa hilohilo.