Mama Kwanini na Maoni Mia Sita Yasiyosomwa

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha biolojia katika shule yetu, mwenzetu tunayemwita Mama Kwanini anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 31 Julai. Jina hilo alipewa na wanafunzi, naye hakulikataa. Kila daftari lililopita mikononi mwake lilirudi na swali pembeni: kwa nini? Hata mwalimu mkuu aliwahi kumpelekea rasimu ya ratiba, ikamrudia na "kwa nini" tatu. Ratiba ikabadilishwa.

Alipoanza kazi tulikuwa na hadubini moja, tena yenye ufa kwenye kioo. Leo maabara ina kumi na mbili, na kila moja aliipigania kwa barua zake mwenyewe. Lakini mimi, niliyekaa naye meza moja katika chumba cha walimu kwa miaka ishirini, nikiombwa nisimulie jambo moja tu, nitasimulia juma la maharage.

Shule ilikuwa imehamishia kazi za wanafunzi kwenye darasa la mtandaoni. Nifafanue kwa wasiolijua. Mwanafunzi huwasilisha kazi yake, na tangu hapo hawezi kuigusa. Mwalimu huisoma, huandika maoni pembeni, huweka alama. Bado mwanafunzi haoni kitu. Mpaka mwalimu abonyeze kitufe kilichoandikwa "Rudisha", ndipo kazi humfikia mwenyewe, naye akaweza kurekebisha.

Wanafunzi arobaini na watatu wa kidato cha mwisho walikuwa wamepanda maharage kwenye makopo, wakapima miche kwa wiki sita na kuandika ripoti. Alama zake zilikuwa zinaingia kwenye mtihani wa mwisho. Mfumo ungefungwa Ijumaa saa sita mchana, na ambaye hajaleta ripoti iliyorekebishwa angebaki na alama ya rasimu. Kwa rasimu zile, zaidi ya nusu ya darasa wangeanguka.

Mama Kwanini alisahihisha kwa namna yake. "Mche umekufa siku ya nane. Zamu ya kumwagilia ilikuwa ya nani, na kwa nini hatajwi?" Siku kumi zikapita, hakuna aliyerekebisha hata nukta. Jumanne asubuhi akaingia darasani akawapa vidonge vyao: uvivu, simu, watoto wa siku hizi. Wakainamisha vichwa. Wakati wa mapumziko kiranja wao akaja chumba cha walimu, akamwamkia, akasema kwa adabu zote, "Mama, tusamehe kwa yote. Ila tunaomba kuuliza, zile ripoti utatusahihishia lini?"

Akaitwa fundi wa kompyuta, akafungua ukurasa kama auonavyo mwanafunzi. Mweupe! Maoni mia sita na kumi na mawili yalikuwa yameandikwa, na kitufe hakikuguswa hata mara moja. Yeye aliwasubiri wao, wao wakamsubiri yeye. Mwalimu wa hesabu, ambaye hajaumbiwa kunyamaza, akasema, "Dada, umeandika barua mia sita ukazitia zote kwenye mkoba wako!" Tulicheka hadi machozi. Yeye hakucheka.

Fundi, kwa huruma, akajitolea kuandika kwamba mtandao ulisumbua. Mama akakataa. Akarudi kwenye darasa lilelile alilolikaripia asubuhi, akawaambia kwamba kosa ni lake tangu mwanzo hadi mwisho, na kwamba anawaomba radhi. Mficha uchi hazai. Nimefundisha siku nyingi, ila sijawahi kuona darasa likimpenda mwalimu kwa kasi ile.

Kisha kazi ikaanza, na jamani, ilikuwa kazi! Maabara ikageuka soko. Ripoti iliyoletwa asubuhi ilisomwa ikarudi kabla ya kengele ya mchana, na wenye alama za chini walihudumiwa kwanza. Sisi wengine tulimshikia vipindi. Mimi, mtu wa historia, nilisimamia jaribio la moto nusura niunguze pazia.

Ijumaa, saa tano na nusu, ilibaki ripoti moja, ya binti aliyeitwa Profesa. Mche wake wa kivulini ulikuwa mrefu kuliko wa juani, naye alikataa kuwasilisha kabla hajajua sababu. Tulimnong'oneza Mama amwambie tu, muda unakwisha. Akatikisa kichwa. Dakika nane kabla ya saa sita ripoti ikaingia. Binti alikuwa amerudi kwenye makopo na kupima unene wa mashina: mche wa kivulini ulikuwa umerefuka kwa kuutafuta mwanga, shina jembamba, majani yamepauka. Mama aliisoma akiwa amesimama. Alipofika mwisho akapiga kofi mezani, "Naam, mwanangu!", na maabara nzima ikalipuka kwa shangwe. Arobaini na watatu kwa arobaini na watatu, na hakuna aliyeanguka.

Tangu juma hilo, hakuna mwalimu hapa anayefunga kompyuta bila kwanza kutazama ukurasa kwa jicho la mwanafunzi. Walimu wapya hufundishwa hivyo na Mama mwenyewe, akilisimulia kosa lake bila kulipunguza hata chembe.

Asante, Mama, kwa miaka yote hii. Tunakuombea afya tele, wajukuu wasumbufu, na asubuhi nyingi zisizo na kengele.