Mzigo Uliopimwa Mara Mbili

Mheshimiwa Waziri, Ndugu Meneja wetu, marubani, wageni mliokuja kutalii visiwa vyetu, wafanyakazi wenzangu wa gatini, na wewe kaka yangu uliyesimama kule nyuma kana kwamba hapa hapana viti: salamu kwenu nyote.

Nimeambiwa nizungumze dakika tatu. Miaka kumi na tisa nimesimama kwenye mzani, leo mnanipimia dakika tatu! Haya, zinatosha.

Asubuhi hii tumekata utepe wa helikopta mpya, itakayofika hata visiwa vile ambako ndege zetu za majini haziwezi kutua kwa sababu ya miamba. Watalii wataongezeka, na mimi nafurahi, kweli. Lakini Meneja, katika sifa ulizonimwagia, umesema sijawahi kukosea hata kilo moja. Naomba nilirekebishe hilo kabla sijapokea zawadi yenu.

Kazi yangu mnaijua. Ndege ndogo haina utani: kila abiria anapanda mzani, na begi lake pia. Wanaume wanavuta tumbo ndani, eti kilo zipungue! Nimecheka sana pale. Mwaka wangu wa sita ndipo kicheko kilipokwisha. Ndege ilikuwa na watalii na kiti kimoja kitupu, na nesi wa zahanati akamleta wifi yangu, mke wa kaka huyu, uchungu umemshika, mtoto amekaa vibaya, hospitali iko ng'ambo. Nikajumlisha. Uzito umezidi kwa kilo thelathini. Ningeweza kushusha mabegi ya wageni, nikaogopa barua ya malalamiko. Nikamwambia, "Wifi, subiri ndege ya saa tisa."

Akanijibu, "Sawa wifi, usijali, nitajikaza."

Saa tisa ndege ilipotua, yeye na mwanawe walikuwa wameshatutoka.

Jioni, nikipanga karatasi zangu, nikaona. Begi la mitungi ya kuzamia lilipimwa likiwa mgongoni mwa mwenyewe, kisha likapimwa tena peke yake. Kilo thelathini na nne, nimeziandika mara mbili. Karatasi ile nikaikunja, nikaiweka chini ya nguo zangu, na hadi leo iko palepale. Ni nani kati yenu angeweza kulala vizuri?

Mheshimiwa, helikopta hii ina viti sita. Zawadi ninayoiomba ni kimoja kisiuzwe kamwe, hata wageni wafurike namna gani. Kiwe cha mgonjwa. Kikiruka kitupu, kiruke kitupu.

Na wewe kaka. Siku ya mazishi uliniuliza, "Dada, hivi kweli nafasi haikuwepo?" Nikakuapia haikuwepo, ukanikumbatia, ukanifuta machozi wewe mfiwa.

Ilikuwepo, kaka. Ilikuwepo.

Nawashukuru nyote mlionivumilia hadi hapa. Kaka, tafadhali, usiondoke kwanza.